Gari jeusi na tope la Sigowet: Mng'ao wa kina hupatikanaje?

GARI jeusi halijui kuficha siri. Likitoka kuoshwa asubuhi huko Sigowet, Kaunti ya Kericho, huakisi mawingu na mashamba ya majani chai mithili ya maji yaliyotulia kisimani. Ifikapo alasiri, baada ya mwendo mfupi nje ya lami na mvua ambayo aghalabu haikosi kunyesha saa hizo, ubavu wake wote huwa umegeuka rangi ya kutu. Tope lenyewe si balaa, kwani huondoka kwa maji. Balaa ni mkono unaoliondoa.

Wenye magari wengi huamini kwamba mng'ao hununuliwa dukani ukiwa ndani ya kopo. Hukosea. Nta na polishi huongeza kidogo tu; sehemu kubwa ya mng'ao hutokana na uso wa rangi kuwa laini, na kinachouharibu ulaini huo kwa wingi zaidi si safari wala jua bali namna gari linavyooshwa wiki baada ya wiki.

Sababu ni ya kifizikia. Rangi nyeusi hufyonza karibu nuru yote inayoingia ndani yake. Inayomrudia mtazamaji ni ile inayodunda juu ya uso peke yake, ambayo ni takriban asilimia 4 ya nuru iangukayo wima. Uso ukiwa laini, nuru hiyo chache hurudi kwa mpangilio, na mtu hujiona humo kama katika kioo. Ukiwa na mikwaruzo, nuru hutawanyika ovyo na weusi huwa kijivu. Gari jeupe huwa na mikwaruzo ileile, ila rangi yake yenyewe hutawanya nuru nyingi hata kimulimuli cha mkwaruzo hakitambuliki.

Ndiyo maana gari jeusi likisimama juani huonekana kana kwamba limefumwa utando wa buibui kulizunguka jua lililoakisiwa. Si lazima aliyelipangusa awe alizungusha mkono. Mikwaruzo huelekea kila upande, lakini ile iliyoukingama mwanga ndiyo peke yake inayomeremeta, na jicho huiunganisha ikawa duara.

Weusi wa gari una historia ndefu. Baina ya mwaka 1914 na 1925, kampuni ya Ford ya Marekani iliuza gari lake la Model T kwa rangi nyeusi tu. Katika Afrika Mashariki baada ya uhuru, gari kubwa jeusi lilikuwa alama ya cheo, na Mercedes-Benz ikakizalishia Kiswahili neno "wabenzi", ambalo halikukusudiwa kuwa sifa.

Magari mengi ya leo yamepakwa matabaka kadhaa: rangi ya msingi juu ya bati, kisha weusi wenyewe, kisha tabaka angavu lisilo na rangi. Hilo la mwisho ndilo linalong'aa, na unene wake kwa kawaida haufiki hata wa unywele mmoja wa binadamu. Kila linaposuguliwa kwa dawa kali hupungua, wala hakuna polishi inayoweza kulirejesha. Ni akiba ambayo mtu huitoa bila kuweka.

Mnunuzi wa Kenya anapaswa kulifikiria jambo hilo kuliko wengi. Magari mengi yanayoingia nchini ni yaliyokwisha kutumika Japani, na sheria huruhusu yasiyozidi umri wa miaka minane. Gari la namna hiyo hufika bandarini Mombasa likiwa limekwisha kuoshwa mara mamia, na huenda limesuguliwa kwa mashine mara kadhaa ili limvutie mnunuzi. Akiba imeanza kuliwa kabla mwenyewe hajakabidhiwa funguo.

Mengine, hasa ya zamani yenye weusi mtupu usio na chembe za kumetameta, hayana tabaka angavu kabisa. Ili kuyatambua, mtu asugue polishi kidogo kwa kitambaa cheupe mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka cheusi, basi rangi yenyewe ndiyo inayosuguliwa.

Sasa uoshaji. Udongo mwekundu wa nyanda za chai ni mfinyanzi laini, lakini barabara zilizowekwa changarawe huuchanganya na chembe ngumu za mchanga. Anayechukua kitambaa kikavu na kulifuta vumbi ili gari lipendeze upesi kabla ya kwenda harusini huwa anapitisha msasa. Ni kosa la kila siku, na pengine ndilo baya kuliko yote.

Kanuni ya kwanza ni kumwaga maji mengi kabla ya mkono wowote kugusa rangi. Tope lililokauka lilowekwe dakika kadhaa lilainike, kisha literemshwe kwa maji ya mpira au ya mashine ya shinikizo kuanzia paani. Magurudumu na sehemu za chini ya milango, ambako changarawe hujazana, yawe na kitambaa chake. Kisha ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila kinaposafisha sehemu moja. Mtumiaji wa ndoo moja hurudisha juu ya gari uchafu uleule alioutoa, na ifikapo mlango wa nne maji huwa uji mwekundu.

Sabuni ya unga ya kufulia haifai, kwa kuwa imeundwa kung'oa mafuta na huondoa nta yote iliyokuwapo. Wanaochanganya maji na mafuta ya taa ili gari ling'ae hupata mng'ao wa saa chache, na baadaye vumbi hushika kama gundi. Sabuni maalumu ya magari haina ghali ya kumshinda mwenye gari.

Kwa upande wa maji, Kericho imejaliwa. Mvua ni tele, na maji yaliyotekwa kutoka paa la mabati safi hayana chumvi za chokaa zinazoacha madoa meupe kwenye rangi nyeusi. Hata hivyo, gari lisiachwe likauke lenyewe juani. Mji wa Kericho upo karibu kabisa na Ikweta, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jua la huko ni kali licha ya ubaridi wa hewa. Bati jeusi hupata joto upesi, tone hukauka, na masalio yake hubaki. Kazi ifanywe asubuhi mapema, kivulini, lakini si chini ya mti unaotoa utomvu au wenye viota. Kinyesi cha ndege kikikaa juu ya bati la moto huacha alama ambayo maji hayaitoi.

Kukausha kunahitaji taulo nene ya nyuzi laini sana, zile za kisasa ziuzwazo katika maduka ya vipuri, ambayo hulazwa juu ya maji na kuvutwa taratibu bila kukandamizwa. Ikidondoka chini, hata mara moja, isirudishwe kwenye rangi hadi ifuliwe.

Iwapo mikwaruzo imekwisha kuingia, hapo ndipo usuguaji huhitajika, na hapo ndipo gari huokolewa au huangamizwa. Kwanza mkono upitishwe juu ya rangi iliyooshwa. Ikiwa inaparuza, kuna lami na chembe za chuma zilizojishika, nazo huondolewa kwa udongo maalumu laini unaotelezeshwa juu ya maji ya sabuni. Kisha fundi ajaribu dawa isiyo kali kwa sponji laini katika eneo la ukubwa wa karatasi ya kuandikia, alipanguse na kulimulika kwa tochi. Ikitosha, hana sababu ya kutumia kali zaidi.

Mashine za kusagia vyuma zinazozunguka kwa kasi, ambazo baadhi ya magereji huzifunga kitambaa na kuzigeuza za kung'arishia, hupasha rangi joto na kuimaliza ukingoni mwa boneti na milango, mahali ambapo ni nyembamba. Tabaka angavu likitoboka, dawa yake ni kupaka upya sehemu nzima, na mnunuzi wa baadaye akiona mlango mmoja una weusi tofauti na mwenziwe atauliza gari liligongwa wapi. Mashine inayotikisika huku ikizunguka ni salama zaidi mikononi mwa asiye na uzoefu.

Nta huja mwisho, rangi ikiwa imekwisha kunyooka. Ile ya karnauba, inayotokana na majani ya mnazi-pori mmoja wa kaskazini mashariki mwa Brazili, husifiwa kwa kuupa weusi kina, ila haidumu sana penye mvua za kila siku. Zile za viwandani hukaa muda mrefu zaidi. Matabaka magumu ya silika yanayotangazwa siku hizi hudumu hata miaka, lakini yakipakwa juu ya mikwaruzo huihifadhi pamoja na rangi, wala hayazuii mvua ya mawe, ambayo Kericho inaifahamu mno, isiache mabonde kwenye boneti. Matone yakiacha kujikunja kama shanga na kuanza kutandaa, nta imekwisha na wakati wa kupaka upya umewadia.

Limebaki suala la mahali pa kuoshea. Vijito vya Sigowet huteremkia Mto Sondu, nao humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Kanuni za ubora wa maji zinakataza kuvichafua vyanzo kama hivyo. Anayeingiza gari kijitoni huwapelekea wanaoteka maji upande wa chini mafuta na sabuni. Isitoshe, maji yaliyotibuliwa na magurudumu hubeba mchanga, na akiyachota kwa ndoo kuoshea bati jeusi, ataikuta mikwaruzo asubuhi inayofuata jua likichomoza.