Leseni ya vileo nchini Tanzania

Leseni ya vileo ni kibali anachopewa mtu au kampuni kuuza pombe katika Tanzania Bara. Msingi wake ni Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 (Sura ya 77). Zanzibar ina sheria yake yenyewe.

Anayetoa leseni ni halmashauri ya mahali husika. Katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega Mkoa wa Shinyanga na, kwa upande wa Busega, Mkoa wa Mwanza, kazi hiyo ni ya halmashauri za wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu pamoja na Halmashauri ya Mji wa Bariadi.

Utaratibu

Kwa kawaida fomu ya maombi hupitia kwa afisa mtendaji, afisa afya na polisi kabla ya kufikia uamuzi. Afisa afya huangalia jengo, maji na choo. Baa, grosari, duka la jumla, hoteli na kilabu cha pombe za kienyeji kila kimoja kina aina yake ya leseni, na saa za kuuza hutegemea aina hiyo. Leseni hudumu miezi sita tu: Aprili hadi Septemba, kisha Oktoba hadi Machi. Hapa ndipo wengi hukosea, wakidhani leseni ya kawaida ya biashara, ambayo ni ya mwaka mzima, inawaruhusu kuweka bia kwenye friji ya duka.

Kumuuzia pombe mtoto, yaani mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, ni kosa pia kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Wahudumu

Leseni humfunga mwenye biashara. Mhudumu wa baa hadaiwi cheti cha kuuza pombe, tofauti na majimbo kadhaa ya Marekani, kama Oregon na Washington, ambako anayemimina kinywaji lazima asome namna ya kumtambua mlevi na kumkatalia. Huku kwetu masomo ya huduma ya vinywaji hutolewa na Chuo cha Taifa cha Utalii na vyuo vya ufundi, lakini ni kwa hiari. Kwa hiyo binti aliyeajiriwa jana kilabuni ndiye anayeachiwa kuamua nani amezidisha, na mara nyingi mshahara wake hutegemea mauzo.

Gongo na viroba

Gongo, ambayo kisheria huitwa moshi, ina sheria yake ya mwaka 1966 inayokataza kuitengeneza bila leseni. Mpishi wa kijijini hana leseni hiyo, hivyo hupikia mafichoni na hakuna anayepima kilichomo. Hatari kubwa ni methanoli, hasa pombe inapochanganywa na spiriti ya viwandani: mwilini hugeuka asidi inayoharibu mishipa ya macho, na mnywaji anaweza kupofuka au kufa. Komoni na wanzuki, zisizokenekwa, zinaweza kuuzwa kilabuni kwa leseni.

Tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali katika vifuko vya plastiki. Bei yake ilikuwa ndogo na kifuko kilienea mfukoni mwa sare ya shule. Tangu mwaka 2019 chupa za pombe za viwandani hubandikwa stempu ya kodi ya kielektroniki, ambayo humsaidia mnunuzi kutambua bidhaa bandia.