Dharra, Jauhar na Jedwali la Elementi: Tusiifunge Qur'ani na Nadharia za Watu

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Imekuwa kawaida kumsikia khatibu juu ya mimbari akisema kwamba Qur'ani iliitaja atomu karne nyingi kabla ya wanasayansi kuijua. Hoja yake ni neno dharra, lililomo katika Suratu Yunus aya ya 61 na Suratu Sabaa aya ya 3. Aya hizo zinatufahamisha kwamba hakuna kinachofichikana kwa Mola wetu, kiwe na uzito wa dharra, au kiwe kidogo kuliko hapo, au kikubwa zaidi. Kwa kuwa Waarabu wa leo huiita atomu dharra, basi, anasema khatibu, hicho kilicho kidogo zaidi ndiyo elektroni.

Nia yake ni njema, lakini hoja ni dhaifu. Kijana aliyesoma kemia ya sekondari na Kiarabu kidogo anaweza kuiangusha, na akishaiangusha, shetani atamnong'oneza kwamba ameiangusha Qur'ani yenyewe. Kwa ajili hiyo inatupasa kuirejea historia.

Neno dharra kwa waliolipokea

Wafasiri wa mwanzo walilieleza neno hili kwa vitu walivyoviona kwa macho. Wako waliosema ni mdudu chungu mdogo kabisa, na wako waliosema ni chembe ya vumbi inayoonekana ndani ya mwanga wa jua unaopenya dirishani. Wafasiri wetu wa Kiswahili wamepita njia hizo hizo: Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alichagua mdudu chungu, na Sheikh Ali Muhsin al-Barwani akachagua chembe. Makusudio ya aya ni kwamba elimu ya Mwenyezi Mungu imekienea kila kitu hata kiwe kidogo namna gani, na maana hiyo aliifahamu mchunga ngamia kama anavyoifahamu leo profesa. Kuiita atomu dharra ni istilahi ya Waarabu wa zama za karibuni, waliolichukua neno la zamani wakalipa kazi mpya.

Maulamaa wa kalamu na sehemu isiyogawika

Dalili nyingine imo katika historia ya elimu ya kalamu. Katika karne ya 3 Hijria, Abu al-Hudhayl al-Allaf wa Basra, mmoja wa wakuu wa Muutazila, alifundisha kwamba kila kiwiliwili kimeundwa kwa sehemu ndogo zisizogawika tena. Al-Nazzam, naye ni Muutazila, alimpinga, akasema kugawika hakuna mwisho. Baadaye Maashaira waliichukua rai ya kutogawika, wakaitengeneza, na al-Baqillani (aliyefariki mwaka 403 Hijria, sawa na 1013) aliifanya kuwa mojawapo ya misingi ya hoja zake. Walitaka kuthibitisha kwamba ulimwengu ni wenye kuanza na kwamba unamhitaji Muumba kila dakika: jauhar hazikosi sifa zinazozizukia, sifa hizo hazidumu nyakati mbili, basi lazima awepo anayeziumba upya.

Waliiita sehemu hiyo al-jauhar al-fard, au al-juz' alladhi la yatajazza'. Lau dharra ya Qur'ani ingelikuwa na maana ya atomu, wao, kwa Kiarabu chao na haja yao ya dalili, wangelikuwa wa kwanza kuitolea hoja.

Wala hawakukubaliwa na wote. Ibn Sina (428/1037) aliikataa rai hiyo kwa njia ya falsafa, na Ibn Hazm (456/1064) aliikataa akiwa mtu wa hadithi na Dhahiriyya. Ibn Taymiyya (728/1328) alisema kwamba hakuna katika Salaf aliyeijengea imani juu ya jauhar al-fard. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepungukiwa na imani yake juu ya Muumba kwa kuikataa.

Kutoka tanuri hadi jedwali

Waislamu wengine waliviendea vitu kwa mikono na mizani. Abu Bakr al-Razi (313/925) aliyapanga madini katika makundi sita kwa kadiri ya tabia zake, na al-Biruni (440/1048) alipima uzito wa metali na vito akilinganisha na maji, kwa usahihi unaostaajabisha. Pembeni yao walikuwepo waliotafuta kugeuza risasi kuwa dhahabu. Ibn Khaldun (808/1406) aliandika mlango mzima kuwakanusha.

Huko Ulaya, Lavoisier wa Ufaransa alitoa mwaka 1789 orodha ya vitu 33 alivyovihesabu kuwa vya asili, lakini ndani yake aliweka mwanga na joto. Mwaka 1808 Dalton wa Uingereza alifundisha kwamba kila elementi ina atomu zake zenye uzito wake. Mwaka 1869 Mendeleev wa Urusi alizipanga elementi 63 kwa uzito na tabia, akaacha nafasi tupu kwa zile ambazo hazijagunduliwa. Nafasi tatu alizozieleza zilijazwa: gali mwaka 1875, skandi mwaka 1879 na jerimani mwaka 1886.

Neno atomu kwa Kiyunani maana yake ni kisichogawika, lakini kikagawika. Mwaka 1897 Thomson aligundua elektroni. Mwaka 1911 Rutherford alieleza kwamba atomu ina kiini kidogo mno kinachobeba karibu uzito wake wote. Mwaka 1932 Chadwick aligundua neutroni. Moseley alionyesha mwaka 1913 kwamba cheo cha elementi hakitokani na uzito, bali na hesabu ya chaji ya kiini, yaani idadi ya protoni. Kijana huyo aliuawa Gallipoli mwaka 1915 akipigana na jeshi la Dola ya Uthmaniya, naye ana umri wa miaka 27.

Kwa hesabu hiyo haidrojeni ina protoni 1, chuma 26, fedha 47, dhahabu 79 na risasi 82. Leo jedwali lina elementi 118. Shaba, fedha na dhahabu zimo katika safu moja, kwa kuwa elektroni zao za nje zimepangika kwa namna moja.

Moto wa tanuri huzigusa elektroni za nje tu, haufiki kwenye kiini. Ndiyo sababu wale wa risasi hawakupata dhahabu. Mwaka 2025 wanasayansi wa CERN walitangaza kwamba walipima risasi ikigeuka dhahabu kwa kupoteza protoni tatu. Yote iliyopatikana humo kati ya mwaka 2015 na 2018 haikufika sehemu moja ya bilioni ya gramu, na ilitoweka papo hapo.

Faida yake kwa fiqhi

Elimu hii ina mahali pake hasa, napo ni kulijua jambo lilivyo kabla ya kulihukumu. Chukua mfano wa pete ya bwana harusi. Neno "dhahabu nyeupe" hutumiwa madukani kwa vitu viwili. Kimoja ni platini, elementi ya 78, ambayo si dhahabu, wala makatazo ya dhahabu kwa wanaume hayaigusi. Cha pili ni dhahabu hasa iliyochanganywa na paladi au nikeli ikapoteza rangi yake. Ya karati 18 ina sehemu 750 za dhahabu katika kila 1000. Hiyo ni haramu kwa mwanamume, na dhahabu iliyomo huhesabiwa katika nisabu pale zaka inapowajibika. Rangi haibadilishi protoni, na jina la muuzaji halibadilishi hukumu. Mufti asiyeuliza ni ipi kati ya hizo mbili anaweza kuhalalisha haramu au kuharamisha halali.

Basi ndugu zangu maimamu na wanafunzi, tuisome kemia, na tuitumie kuzijua dhahabu, fedha na dawa tunazoulizwa. Lakini tusiigeuze kuwa tafsiri. Jauhar al-fard iliwahi kuonekana nguzo ya itikadi, na leo haishikiwi. Atomu ya Dalton nayo ilionekana haivunjiki, ikavunjika. Aliyesema Qur'ani ilimkusudia Dalton angelazimika kuifasiri upya kila Rutherford anapokuja. Aya ya Suratu Yunus inatutosha kama ilivyo: hakuna kinachomfichikia Mola, wala kiini cha atomu, wala anachokificha mtu moyoni mwake.

Wallahu aalam.