Kabla ya kulipia jiwe la kaunta ya jikoni, lijaribu kwa ndimu

NDIMU moja iliyopasuliwa na kusahauliwa juu ya marumaru usiku kucha yatosha kuacha alama isiyotoka kwa sabuni wala kwa kusuguliwa. Mwenye nyumba aliyetumia akiba ya miaka mingi kununua jiwe hilo hugundua asubuhi kwamba alichonunua ni mng'aro tu.

Kosa hili halitokani na uhaba wa fedha. Wengi wetu huchagua kwa macho, dukani, chini ya taa kali, huku jiwe likiwa limeegemezwa ukutani na halijawahi kuguswa na sufuria. Wahenga hawakukosea waliponena kuhusu uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kaunta ndiyo sehemu inayofanya kazi nyingi zaidi jikoni. Hapo ndipo sukuma wiki hukatwakatwa, unga wa chapati hukandwa, tui huchujwa, manjano humwagika na sufuria ya ugali hutuliwa punde tu inapoepuliwa motoni. Kwa hivyo, kabla ya kuuliza bei, msomaji ajiulize maswali manne. Je, vyombo vya moto vitawekwa hapo moja kwa moja? Je, ndimu, ukwaju, nyanya na siki hutumika kila siku? Ni nani atakayeisafisha, na kwa dawa gani? Na je, kabati au kuta zilizo chini zaweza kuubeba uzito wake?

Graniti na marumaru

Wauzaji wengi huyataja mawe haya mawili pamoja kana kwamba ni ndugu, ilhali tabia zake ni mbalimbali.

Graniti ni mwamba uliotokana na uji wa moto uliopoa polepole chini ya ardhi. Madini yake makuu ni kwatzi na felspa. Katika kipimo cha ugumu kilichobuniwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho huanzia 1 kwa talki hadi 10 kwa almasi, graniti hupata kati ya 6 na 7. Kisu cha kawaida hakiikwaruzi. Kisu ndicho huwa butu. Graniti halisi haidhuriwi na ndimu, na huvumilia joto la sufuria kuliko mawe mengi ya kuundwa.

Marumaru ni mawe ya chokaa yaliyogeuzwa na joto na mgandamizo wa ardhi. Ugumu wake ni takriban 3 pekee, na kwa kuwa ni kaboneti ya kalisi, asidi huila hata iwe imesuguliwa na kung'arishwa namna gani. Hata hivyo, ina sifa yake: hukaa baridi, jambo linalomfaa sana mpishi wa keki na vitu vya unga. Mpishi wa pilau na kachumbari ya ndimu ataijutia.

Mawe yote mawili yana vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambamo mafuta na rangi ya manjano hupenya. Ndiyo maana hupakwa dawa maalumu ya kuziba vitundu hivyo, na kazi hiyo hurudiwa kila baada ya muda. Kujua kama wakati umewadia ni rahisi: dondosha maji juu ya jiwe, subiri dakika 10 hadi 15, kisha yapanguse. Mahali hapo pakiwa peusi kuliko kwingine, dawa imekwisha.

Mnunuzi mwerevu huomba kipande kilichosalia na kwenda nacho nyumbani. Akikamulie ndimu na kukiacha usiku mzima. Kikipoteza mng'aro, basi jiwe hilo lina marumaru au chokaa ndani yake, hata kama limeuzwa kwa jina la graniti. Iwapo ni jiwe jeusi, alisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa kiyeyusho cha kuondolea rangi ya kucha. Kitambaa kikigeuka kuwa cheusi, jiwe lilitiwa rangi.

Uzito nao usipuuzwe. Graniti yenye unene wa milimita 20 ina takriban kilo 54 kwa kila mita mraba. Kaunta ya urefu wa mita tatu na upana wa sentimita 60 hukaribia kilo 100, kabla ya kuongeza sinki na vyombo. Kabati la mbao nyembamba halitaustahimili mzigo huo, na jiwe lisiloshikiliwa sawasawa hupasuka, hasa mahali palipotobolewa kwa ajili ya sinki. Kwa sababu iyo hiyo, kinu cha kutwangia kisiwekwe juu yake. Kiteremshwe sakafuni.

Kwatzi ya kiwandani

Miaka ya karibuni mawe ya kuundwa yamepata wapenzi wengi mijini. Kwatzi iliyosagwa, ambayo aghalabu huwa takriban asilimia 90 ya jiwe zima, huchanganywa na gundi ya kiwandani na kushindiliwa kuwa bamba. Rangi yake huwa sare, halihitaji kupakwa dawa ya kuziba vitundu na halinywi madoa kwa urahisi.

Udhaifu wake ni ile gundi. Joto linalopita nyuzi 150 laweza kuiunguza na kuacha alama ya kudumu, na karai la mafuta ya kukaangia maandazi hupita kiwango hicho. Jua kali nalo hubadilisha rangi yake, hivyo halifai jikoni pa nje.

Lakini kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti. Fundi anayekata jiwe hili kwa mashine bila maji huvuta vumbi laini la kwatzi linalokwama mapafuni na kusababisha silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuondoa. Baada ya vijana wengi wa kazi hiyo kuugua, Australia iliyapiga marufuku mawe ya aina hii kuanzia Julai 1, 2024, ikiwa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Graniti nayo ina kwatzi, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi, kwa hivyo tahadhari ni ile ile.

Humu nchini, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake. Mteja pia ana sauti. Aulize kama jiwe litakatwa kwa maji, na kama wakataji wana barakoa za kuzuia vumbi laini; kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi. Wala asikubali jiwe likatwe kavu sebuleni huku watoto wakitazama.

Terazo, vigae na fomaika

Asiye na uwezo wa kununua mawe hayo asidhani amebaki mikono mitupu. Terazo, ule mchanganyiko wa saruji na vipande vya marumaru tuliouzoea katika sakafu za shule na hospitali, hutengenezwa papo hapo nyumbani na hudumu miongo mingi. Lakini kwa kuwa imejaa saruji na marumaru, asidi huidhuru vilevile. Ipakwe dawa ya kuziba, na ndimu ipanguswe mara inapomwagika.

Vigae juu ya zege ndivyo vilivyoenea zaidi katika nyumba za kupanga. Kigae chenyewe huvumilia moto, ndimu na manjano. Tatizo lake ni grauti, ile saruji inayojaza nafasi kati ya kigae na kigae, ambayo hunywa mafuta na kuwa nyeusi. Suluhisho ni kununua vigae vikubwa ili viungo viwe vichache, na kumwambia fundi atumie grauti ya epoksi karibu na sinki.

Fomaika ilipata jina lake kutokana na kampuni ya Formica, iliyoanzishwa na Wamarekani Herbert Faber na Daniel O'Conor mjini Cincinnati mwaka 1913. Mwanzoni ilikuwa bidhaa ya kuzuia umeme, badala ya madini ya maika. Ni nafuu, nyepesi na haijali ndimu. Adui zake ni sufuria ya moto, na maji yanayopenya kwenye viungo hadi chipubodi iliyo chini ivimbe. Isiwekwe kuzunguka sinki kabla ya kila ukingo kuzibwa barabara.

Mbao na chuma

Mbao ngumu kama mvule na msaji hupendeza na hupokea vyombo bila kelele. Zahitaji kupakwa mafuta mara kwa mara na kukaushwa kila zilowapo maji. Zaweza kupigwa msasa na kuwa mpya tena, jambo ambalo jiwe haliwezi bila mtaalamu.

Chuma kisichoshika kutu ndicho chaguo la hoteli kwa sababu hakinywi chochote, hustahimili joto na husafishika haraka. Hukwaruzika, lakini hakidhuriki. Wakazi wa Mombasa, Malindi na Lamu, ambako hewa ya bahari ina chumvi, waulize aina ya 316. Ile ya 304 iliyozoeleka huweza kuota madoadoa ya kutu.

Nalo jiwe la Kisii? Mawe yanayochimbwa Tabaka ni ya jamii ambayo huko Marekani hutengenezewa kaunta, kwa kuwa hayadhuriwi na moto wala asidi. Hata hivyo, yale ya kuchongea vinyago ni laini mno, na kisu au sufuria itayachora.

Mkataba na fundi

Makubaliano yaandikwe kabla ya malipo ya awali: bei ya bamba lenyewe, ukataji, ung'arishaji wa kingo, tundu la sinki, usafirishaji na uwekaji. Vipimo vichukuliwe baada ya kabati kusimamishwa, si kutoka kwenye ramani. Sehemu ya chini ya ukingo wa mbele ichongwe mfereji mdogo ili maji yadondoke badala ya kurudi kwenye mbao.

Kimo nacho ni afya ya mgongo. Mafundi wengi huweka sentimita 90 bila kumuuliza mpishi. Mpishi asimame wima na kukunja kiwiko. Kaunta iwe sentimita 10 hadi 15 chini yake.

Wala si lazima jikoni pote pawe na kitu kimoja. Mwenye bajeti ndogo aweza kununua kipande cha graniti cha kuweka kando ya jiko la gesi, ambako sufuria hutuliwa, na kwingineko akaweka vigae. Vipande vilivyobaki katika kazi kubwa aghalabu huuzwa kwa bei nafuu kwenye karakana za mawe. Aende na vipimo vyake, kitambaa cheupe na ndimu moja mfukoni.