Tangu Jembe la Shule Hadi Mkondo wa Amali: Tulivyowaandaa Vijana Wetu



Katika kutimiza miaka kumi, wenzetu wataandika juu ya hisa, marejesho na sanduku letu la funguo tatu. Sisi tumeona tuseme juu ya vijana wetu, kwa sababu daftari la mikopo lenyewe linaonyesha kwamba kila ifikapo Januari akina mama wengi hukopa kwa ajili ya shule. Tunataka tukumbushane tulikotoka, na tuseme wazi jambo moja ambalo fedha peke yake haikuliweza.

Kabla ya shule kuenea, watu wengi wa Pwani na Kusini walikuwa na jando na unyago. Hatusifu yote, maana mengine yalimharakisha binti kwenye ndoa angali mtoto. Lakini kijana wa rika lile alikuwa na mtu mzima mwingine, si mama wala baba, ambaye kazi yake ilikuwa kumfunda. Binti alikuwa na somo wake au kungwi. Alifundishwa kusema na watu, kuzuia hasira, kuvumilia na kujiheshimu. Akiwa na la moyoni, alijua pa kulipeleka.

Ikaja shule. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Wakati huo, katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, kama 13 tu ndio waliopata nafasi ya sekondari. Hao wengine je? Mwalimu alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na mtoto amalize akiwa tayari kwa maisha ya kwao. Tena hakusema jembe tu. Alitaka mwanafunzi awe na akili ya kudadisi, ajifunze kwa wengine na ajiamini. Alitaka wanafunzi washirikishwe kupanga kazi za shamba na kuamua matumizi ya mapato yake.

Sie tuliosoma miaka ya 1970 na 1980 tunakumbuka jembe, fagio na ndoo ya maji. Tulilima kweli. Lakini wengi wetu hatukuulizwa hata siku moja mahindi yauzwe wapi wala fedha ifanye nini. Aliyechelewa namba aliongezewa tuta, basi kazi ikawa adhabu. Jembe tulipewa, ila kule kuulizwa na kushauriana alikokutaka Mwalimu hatukukuona. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka watoto wote waingie shule ya msingi ifikapo 1977, madarasa yalijaa, na mwalimu mmoja angemsikiliza nani?

Miaka ya 1990 ilikuja na mengine. Sheria ya mwaka 1994 iliunda VETA, ikasimamia mafunzo ya ufundi stadi. Miaka hiyohiyo Shirika la Afya Duniani lilieleza stadi kumi za maisha, zikiwemo kujitambua, kufanya uamuzi, kuelewana na watu na kuzimudu hisia. UKIMWI ulikuwa unatumaliza, na ilionekana kwamba kijana kujua hatari hakutoshi kama hawezi kusema hapana. Jamani, si ndiyo yale ya somo na kungwi yaliyorudi kwa jina jingine?

Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001. Kuanzia 2004 sekondari za kata zilianza kuongezeka kwa kasi, na watoto wa majirani waliokuwa wanaishia darasa la saba wakaingia kidato cha kwanza. Januari 2016 ada ya sekondari, ambayo kwa shule ya kutwa ya Serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, nayo ikafutwa hadi kidato cha nne.

Nasi tulianza mwaka huohuo. Tulidhani mikopo ya shule itapungua. Haikupungua, maana sare, madaftari, nauli na chakula vilibaki palepale. Tukakopeshana, na marejesho yakaenda vizuri. Tukajisifu.

Halafu tukapata somo letu wenyewe. Mwanachama mwenzetu alikopa kwa ajili ya binti yake wa kidato cha pili. Alilipa mkopo wote bila kuchelewa. Siku aliyomaliza tulimpigia makofi, kumbe mtoto alikwisha kuacha shule wiki kadhaa nyuma. Asubuhi alitoka na sare, jioni akarudi na sare. Mama hakujua, nasi hatukujua. Fundi cherehani mmoja katika kikundi alimwita awe anamsaidia kutia vifungo. Siku ya tatu, mikono ikiwa kazini, binti alisema mwenyewe: alijibu swali la hesabu vibaya, darasa zima likacheka, tangu hapo hakunyoosha mkono tena, na hakuna aliyemwuliza kwa nini amekuwa kimya. Tulimbembeleza, lakini darasani hakurudi. Leo anashona, tena vizuri, nasi tunashukuru. Lakini tulichelewa, na lawama hiyo ni yetu.

Leo milango ni mingi kuliko enzi zetu. Tangu Novemba 2021 binti aliyepata ujauzito anaruhusiwa kurudi katika shule ya Serikali baada ya kujifungua. Sera ya Elimu, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali, na mwaka 2024 wanafunzi wa kwanza wa kidato cha kwanza waliuingia, wapate ufundi pamoja na masomo mengine. Tunaupokea kwa mikono miwili. Ila tusisahau yaliyolipata jembe. Cherehani na randa navyo vitageuka adhabu, kama kijana hana mtu wa kumwuliza anachokipenda na kinachomtisha.

Kwa hiyo tunaleta ombi mbele ya mkutano mkuu. Kila mkopo wa shule uandikwe na jina la mwanachama mmoja, asiye mzazi wa mtoto, atakayekuwa somo wake. Kazi yake iwe kukaa na kijana huyo walau mara moja kila mwezi, amsikilize kwanza, kisha ndipo amshauri. Hakuna hisa inayohitajika hapo, bali muda tu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumejifunza kuongeza kwamba anayekunja sharti awe karibu.