Mbolea ya Kijani na Njegere Isiyo na Majira ya Baridi

Vitabu vya kilimo vya Ulaya na Marekani huisifu njegere inayopandwa kabla ya theluji, ikaufunika udongo kipindi chote cha baridi, kisha ikakatwa na kufukiwa shambani mahindi yanapokaribia kupandwa. Anayeyaleta maelezo hayo Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika mashariki mwa Kongo, akaandika “mbaazi za majira ya baridi” amempoteza msomaji mara mbili. Mbaazi, kwa Waswahili wengi, ni kichaka chenye shina gumu kinachokaa shambani miezi mingi. Mmea unaokusudiwa ni njegere, wenye shina laini linalotambaa, ambao Nairobi huitwa minji. Na majira hayo ya baridi hayapo. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na bonde la Ruzizi lina joto mwaka mzima. Huku kinachoshika nafasi ya majira ni mwinuko: ubaridi anaoupata mkulima wa Ulaya kwa kungoja miezi, mtu wa Uvira anaupata kwa kupanda milima ya Mitumba. Njegere ni ya huko juu. Bondeni kazi yake ipewe kunde, au mimea ya jamii yake kama mukuna na marejea.

Ugumu wa pili umo katika “mbolea ya kijani” yenyewe, tafsiri sahihi ya engrais vert ya maagronomu wetu. Mkulima amezoea mbolea inayoletwa shambani: samadi kutoka zizini, au mfuko kutoka dukani. Hii hailetwi, inaoteshwa papo hapo, na kinachoifanya mbolea ni siku ya kukatwa kuliko aina ya mmea. Bakteria walio katika vinundu vya mizizi hunasa naitrojeni ya hewani na kuupa mmea (kinundu kikipasuliwa kikaonekana chekundu ndani, kazi inaendelea). Hadi maua yanapochanua, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo imo katika majani na mashina; punje zikianza kujaa, inahamia humo. Kwa hiyo aliyevuna njegere kavu na kuacha mabua amepata chakula na amezungusha mazao vizuri, lakini mbolea ya kijani hajaweka. Kufunika udongo nako ni kazi nyingine. Mmea wa kufunika hufaa zaidi kadiri unavyokaa, wakati mbolea inataka ukatwe ungali laini, uoze upesi. Mmea ni mmoja, ila kazi hizo mbili zinagombania tarehe, ndiyo maana nashikilia kwamba istilahi za kazi hizo zisichanganywe.

Patakuwa na wa kuuliza: familia yenye kishamba kidogo itafukiaje chakula? Swali ni la haki, na jibu lake si kuitoa kafara mvua ya msimu A, msimu wa kwanza wa kilimo. Mbegu inaweza kuingia kati ya mistari ya muhogo, au mwishoni mwa msimu B, ule wa pili, ikatumia unyevu uliobaki. Marejea, aliyoieneza Padri Gerold Rupper wa Peramiho, kusini mwa Tanzania, katika miaka ya 1980, inafaa hapo kwa kuwa hustahimili joto, na anayeikata hafukii punje za kula. Wengine watasema istilahi ni mapambo, mkulima anajua kunde hurutubisha. Anajua, lakini akiambiwa tu kwamba “kunde ni mbolea” atavuna punje zote, kisha ataishangaa ardhi.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la ng’ombe. Kiangazi mifugo hushuka kutoka nyanda za juu kuja Ruzizi kutafuta malisho, na shamba la kijani katika bonde lililokauka ni malisho hasa. Samadi itabaki wanakolala, mara nyingi mbali na shamba lililoliwa. Hapo sina jibu la kilimo. Maelezo ya mbolea ya kijani bondeni lazima yamfikie mfugaji pia, na tarehe ya kukata ipatanwe naye mbele ya chifu kabla mbegu haijaingia ardhini.