Mlevi wa Boston na Shahada ya Unasihi

Mwaka 1911 wakala wa bima aitwaye Courtenay Baylor aliingia Kanisa la Emmanuel, mjini Boston, Marekani, akiwa ameshindwa na pombe. Wachungaji wawili wa kanisa hilo, Elwood Worcester na Samuel McComb, walikuwa na huduma waliyoianzisha mwaka 1906, iliyochanganya sala, saikolojia na mazungumzo ya faragha. Baylor akaacha kunywa. Haukupita muda mrefu, kanisa likamwajiri kwa mshahara awahudumie walevi wenzake. Worcester alikuwa na udaktari wa falsafa kutoka Leipzig, Ujerumani. Baylor hakuwa na cheti chochote cha kazi ile. Msomi ndiye aliyemwita mlevi wa jana aje amsaidie.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilirithishwa kama useremala, fundi kwa mwanagenzi. Richard Peabody, aliyetibiwa na Baylor, naye akawa mshauri wa kulipwa, na mwaka 1931 akatoa kitabu chake, The Common Sense of Drinking. Miaka minne baadaye, huko Akron, Ohio, dalali wa hisa Bill Wilson na daktari wa upasuaji Bob Smith wakaanzisha Alcoholics Anonymous. Kwao, mlevi humsaidia mlevi mwenzake bure. Ndiyo maana aliyepokea malipo kwa kazi inayofanana na hiyo alitazamwa kwa jicho la shaka, kana kwamba anauza alichopewa kama sadaka.

Shaka hiyo ilipata mtihani wake Willmar, hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili katika jimbo la Minnesota. Mapema miaka ya 1950 mkuu wake, Dkt. Nelson Bradley, aliamuru milango ya wodi za walevi isifungwe tena kwa ufunguo. Kisha yeye na mwanasaikolojia Daniel Anderson wakataka jambo lililowashangaza wengi zaidi: kuwaajiri walevi walioacha pombe wafanye kazi bega kwa bega na madaktari, wauguzi na wachungaji. Mwaka 1954 jimbo likakubali kuingiza katika utumishi wa umma cheo kipya, mshauri wa masuala ya ulevi. Kwa maoni yangu hapo ndipo taaluma hii ilipozaliwa, si chuoni. Ilizaliwa siku karani wa serikali alipoandika kwenye jedwali la mishahara kwamba maarifa ya mtu aliyeanguka akainuka yana thamani ya fedha.

Penye fedha hapakosi masharti. Harold Hughes, dereva wa lori aliyekuwa mlevi, akaacha, akawa gavana wa Iowa kisha seneta, alisukuma sheria ambayo Rais Nixon aliitia saini tarehe 31 Desemba 1970. Fedha za serikali kuu zikaanza kumiminika kwenye tiba ya ulevi. Vituo vikaongezeka, kampuni za bima zikaanza kulipa, na kila mlipaji akauliza swali lile lile: huyu mshauri kafunzwa wapi, na nani kampima? Ndipo ikaja mitihani, leseni na saa za mazoezi chini ya msimamizi.

Wapo walionung'unika kwamba wenye karatasi wanawafukuza wenye uzoefu. Nawaelewa, lakini tukumbuke jumuiya ya Synanon. Charles Dederich, mlevi aliyeacha, aliianzisha California mwaka 1958 ili kuwasaidia watumiaji wa heroini. Tiba yake kuu ilikuwa kukaa duara na kumshambulia mtu kwa maneno hadi avunjike. Hakuwapo msimamizi wala maadili ya kazi ya kumzuia. Jumuiya ile ikageuka himaya ya mtu mmoja, na mwaka 1978 watu wake wawili wakatia nyoka mwenye sumu ndani ya sanduku la barua la wakili aliyekuwa akiishtaki. Uzoefu peke yake haukumfundisha Dederich mahali pa kuishia.

Darasa nalo lilileta kitu ambacho makelele yale yasingeleta. Mwaka 1983 mwanasaikolojia William Miller alichapisha makala yaliyotokana na mazungumzo yake na wenzake vijana nchini Norway, akionyesha namna ya kumsikiliza mraibu mpaka aseme mwenyewe sababu za kubadilika. Leo wanafunzi wengi wa unasihi hujifunza njia hiyo. Hazelden, kituo cha tiba kilichofunguliwa Minnesota mwaka 1949 na baadaye kuongozwa na Anderson yule yule wa Willmar, kilianzisha mwaka 1999 chuo chake cha shahada ya uzamili. Hata hivyo masharti bado hutofautiana kati ya jimbo na jimbo: kuna linalodai uzamili, kuna linaloridhika na elimu ya sekondari na saa nyingi za kazi.

Kwetu Tanzania, hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa waraibu wa heroini dawa ya methadoni Februari 2011, na Zanzibar nyumba za upataji nafuu zinafuata hatua 12 za Alcoholics Anonymous ya kina Wilson. Humo utamkuta aliyewahi kuitwa teja akimkalisha chini mgeni anayetetemeka kwa arosto. Vyuo vyetu vinavyofundisha unasihi vimtafute mtu huyo, vimhesabie miaka yake ya kazi, na vimpe nafasi darasani.