Theta: Alama Iliyozifichua Seli za Thaimasi

Chini ya darubini limfosaiti, seli za kinga, zote ni zilezile: kiduara kidogo, kiini kimejaa karibu chote. Uzikodolee macho mchana kutwa, hutajua ipi ilikulia wapi.

Mwaka 1961 jambo hilo likawa kero ya kweli. Jijini London, mtafiti Jacques Miller aliwaondoa panya wachanga thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Panya wale wakadhoofika, na ngozi ya kupandikizwa kutoka kwa panya wa nasaba nyingine hawakuikataa. Kumbe tezi iliyodharauliwa miaka yote ndiyo iliyokuwa ikilea askari wa mwili! Ila askari hao wakishatoka na kuchanganyika na wenzao kwenye wengu, nani angewatenga?

Ufunguo ulitoka kwenye utafiti wa saratani. Nchini Marekani, Arnold Reif na Joan Allen walishughulika na panya wa AKR, nasaba inayoandamwa na saratani ya damu. Mwaka 1964 walieleza walivyowadunga panya wa C3H, nasaba nyingine, seli za thaimasi za AKR, kisha wakageuza: za C3H kwa AKR. Kila upande ukatengeneza kingamwili dhidi ya alama ya mwenzake. Nasaba hizo zinalingana katika alama kuu za tishu, kwa hiyo kingamwili hazikuvutwa huko. Zikaielekea alama nyingine ndogo inayotofautiana, waliyoiita theta. Ilijaa kwenye thaimasi na, ajabu, kwenye ubongo pia.

Aliyeigeuza theta kuwa chombo cha kazi ni Martin Raff, Mkanada aliyesomea magonjwa ya mishipa ya fahamu kabla ya kuhamia maabara ya Mill Hill, London. Mwaka 1969 alionyesha kwamba seli hubaki na theta hata zikishaihama thaimasi. Basi ukizitia kingamwili dhidi ya theta pamoja na komplimenti, protini za damu zinazotoboa seli, zenye theta hufa, nyingine hubaki hai. Kwa mara ya kwanza mtafiti aliweza kufuta kundi zima la seli T, yaani zilizotoka thaimasi, na kuona ni kazi gani imekwama.

Baadaye theta ilipewa jina la Thy-1, na tofauti ya AKR na C3H ikabainika kuwa asidi amino moja tu. Kwa binadamu, hata hivyo, seli T nyingi za damu hazina Thy-1. CD4 anazohesabiwa mwenye VVU kliniki ni seli T zinazotambuliwa kwa alama nyingine kabisa.